Nilidhani Yameisha Siku Ileile

Jumatatu, 3 Juni
Nimehasi mabeberu sokoni tangu asubuhi. Mikono inanuka. Nimerudi nyumbani Wabera, nikamkuta mke wangu Halima anatapika nyuma ya nyumba. Anasema ni maziwa yaliyolala. Sawa.

Alhamisi, 6 Juni
Si maziwa. Ana mimba.

Haiwezekani. Mwezi wa tatu nilifungwa mirija ya mbegu, kule Meru, mbali na macho ya watu. Kwa ajili yake! Guyo, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa kwa kupasuliwa. Alipozaliwa Amina, nusura tumzike mama. Daktari alisema mimba nyingine itamuua. Tunajua sisi wawili tu. Ndugu zangu wakisikia watasema nimehasiwa.

Na sasa hii. Nimemuuliza ni ya nani. Hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Alikaa chini na unga mikononi.

Jumapili, 9 Juni
Sili chakula chake. Nalala sebuleni. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Leo amefunga nguo, amechukua watoto, ameenda kwa mama yake Kinna. Mlangoni akasema, "Aba Guyo, Mungu anajua." Ananiita hivyo, baba yake Guyo, tangu tupate mtoto. Sikumsindikiza hata kwa boda.

Jumatano, 12 Juni
Nimeenda Meru kugombana, kliniki ileile waliyonifunga. Nesi aliniacha nipige kelele mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Mzee, ulirudi kupimwa?"

Sikurudi. Niliogopa kuonekana. Waliniambia mbegu hubaki njiani kama miezi mitatu, tutumie mpira mpaka wanipime. Nilisikia kwa sikio moja. Mtu wa mifugo, nafundishwa nini? Beberu nikimkata leo, leo amekwisha. Nesi akasema beberu hutolewa kende. Mimi nilifungwa njia tu.

Mimba ni yangu. Mjinga mimi. Nimempigia Halima, hashiki simu.

Alhamisi, 13 Juni
Mama yake amepiga. Halima amevuja damu usiku kucha. Mimba imetoka. Yuko hospitali, yuko hai. Hataki niende.

Nimelia chooni, majirani wasisikie.

Jumamosi, 29 Juni
Nimeenda Kinna. Nimesema yote, mama yake akiwepo. Kwamba nilifungwa. Kwamba sikurudi kupimwa. Kwamba mtoto alikuwa wangu. Sikujali tena nani atasema nini.

Halima amekonda. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia." Hakugomba. Afadhali angegomba.

Akaingia ndani, akatoka na chai. Kwa kikombe cha wageni, kile chenye sahani yake. Akaniwekea mbele kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee."

Nimekunywa yote. Guyo na Amina walinisindikiza mpaka stendi. Nimerudi Wabera, nyumba iko kimya. Keshokutwa ni soko.