Sanduku la Baba, Namba 118

Nyumbani, Ugiriki, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Evanthia,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini baridi ya Melbourne haijakukamata kifua na wajukuu wanakula vizuri. Mimi mwili ni mzima; usingizi ndio umenikimbia.

Umeandika kwamba Septemba utakuja tuitoe mifupa ya Baba kwenye nyumba ya mifupa, ambamo imekaa sandukuni tangu afukuliwe, tuilaze kaburini kwa Mama. Kabla hujakata tiketi, vumilia nikueleze ile kazi niliyokuambia imekwenda salama.

Halmashauri iliniomba, kwa kuwa nilifundisha kompyuta miaka thelathini, nihamishie daftari la masanduku ya mifupa kwenye mfumo mpya. Fotis, mlinzi wa makaburi, alinitania eti wenzako tunafukua kwa sepetu, wewe babu unahamisha wafu kwa kidole!

Unakumbuka vyumba ni viwili, cha zamani na kipya, na kila kimoja namba zake zinaanzia moja. Kwa hiyo namba peke yake haimtambulishi mtu. Ufunguo wake ni chumba na namba, vyote pamoja. Nimewafundisha hayo mamia ya wanafunzi. Lakini mfumo ule, usipouambia vingine, hutumia ufunguo wa sehemu moja, nami kwenye faili la kuhamisha data niliandika namba, nikasahau chumba. Chumba cha zamani kiliingia kwanza. Kipya kilipofuata, kila namba iliyofanana ilimfuta aliyetangulia, ikakaa mahali pake. Kompyuta haikulalamika hata kidogo.

Masanduku ya zamani majina yake yameliwa na kutu. Orodha ilipoonyesha hayana wenyewe, Fotis aliyamwaga katika shimo la pamoja, kama ilivyo desturi.

Baada ya Pasaka, Bibi Stamatia alikuja kumwashia mumewe taa, asimwone. Alimfokea Fotis kwamba mumewe akiwa hai alikuwa akimpotea kila jioni mkahawani, je, na akiwa mfu wampoteze wao?

Nilikimbilia kompyuta, nikaandika 118, namba ya Baba wa chumba cha zamani. Akatokea Zumbulia, msichana wa miaka kumi na tisa, wa chumba kipya. Kila siku naandika tena namba ya Baba, na kila siku anaitika yeye.

Baba yumo shimoni, Evanthia, pamoja na wengine mia mbili, na hakuna awezaye kuwatenganisha. Fotis amesimamishwa kazi, nami nimenyamaza wiki tano. Kesho nakwenda kwa meya kusema. Barua hii naitia posta leo, ili kesho nisipate pa kurudia nyuma.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na mumeo umpe mkono. Ukija hatutakuwa na cha kubeba. Njoo hivyo hivyo.

Kaka yako,
Prodromos