Bata wa Pazia la Sebuleni

Nyumbani,
kando ya dirisha kubwa,
Jumapili, mchana.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Goti lako linasemaje siku hizi, bado linatabiri mvua? Na ile baridi uliyoilalamikia, umeizoea au bado unalala na soksi? Sisi huku ni wazima wa afya, tena wazima wa kucheka. Mama amenenepa kidogo na hataki kuambiwa.

Najua unakimbiza macho huko chini kutafuta habari moja tu, kaka yako anaona au haoni. Tulia, shangazi yangu. Nikikwambia sasa hivi utaiweka barua pembeni, na mimi nimeshona mapazia mpaka vidole vimeota sugu. Sharti uyasikie kwanza.

Unajua mtoto wa jicho alivyomtesa Baba. Mwaka huu alikuwa amebaki kutofautisha mwanga na giza, na sisi alitujua kwa sauti. Mtu aliyekagua mizani za sokoni maisha yake yote, ambaye hata chumvi ya mboga alitaka ipimwe, akawa anapapasa meza kutafuta kikombe. Iliniuma sana. Daktari wa macho alikubali kumpasua jicho la kulia, lakini hakutuahidi kitu. Alisema tumechelewa kumpeleka, na kwamba akirudi nyumbani asikae kwenye jua kali.

Sasa dirisha la sebule yetu unalijua. Jua la alasiri huingia humo bila hodi na kumwangukia Baba kitini, na pazia la zamani lilikuwa limechakaa hata nzi walipita katikati yake bila kuinama. Kumhamisha Baba kwenye kiti chake, thubutu! Mapazia ya dukani hatukuyaweza, kwa kuwa hospitali ilikuwa imeshatukamua. Basi tukajifanya mafundi.

Mkweo, mume wangu, si fundi bomba? Alileta vipande vya mabomba ya plastiki vilivyobaki kazini. Bomba jembamba likawa fimbo ya kuning'iniza pazia. Lile nene akalikatakata kwa msumeno, vikatoka vipete vyepesi, nami nikavishonea juu ya vipande viwili vya kitambaa, cha kushoto na cha kulia. Ukivuta, vinateleza vizuri kuliko pete za kununua. Ndani ya pindo la chini tulitia nati zilizoota kutu ili upepo usilipeperushe pazia. Baba naye alitoa tai zake za kazini tufungie pazia pembeni, akasema zimemkaba vya kutosha, sasa zikabe kitu kingine.

Usidhani alikaa kimya. Fimbo ilipofungwa, alipanda kwenye stuli huku tumemshika kiuno, akapima kwa shubiri kutoka darini, kushoto na kulia. "Huku mmeinamisha," akasema. Mkweo akaapa hakuna kitu kama hicho. Alipopima upya akakuta mzee yuko sahihi, akatoboa ukuta mara ya pili huku ananuna.

Kasheshe ilikuwa kitambaa chenyewe. Mama alikwenda kununua peke yake, akaangukia mwisho wa jora, kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, tena kwa bei ya kutupa. Dukani kilikuwa kimekunjwa ndani nje, akaona bluu tupu, akafurahi, kikakatwa. Kukifungua nyumbani, lo! Upande wa pili umejaa bata. Bata wa njano, shangazi, kila mmoja na kofia nyekundu na mwavuli, wanatembea kama wanakwenda kazini. Kitambaa kilichokatwa hakirudishwi, basi ndiyo hivyo tena.

Nilimwambia Mama tuwaelekeze bata nje, ndani tubaki na bluu. Akakataa katakata. Alisema mtaa mzima utatucheka, na kwamba humu ndani mwenye kukasirika ni mmoja tu, naye haoni. Basi bluu ikatazama barabarani, bata wakatazama sebuleni.

Baba alikipapasa kitambaa, akauliza, "Rangi gani?"

"Bluu," Mama akajibu.

"Bluu tupu?"

"Tupu kabisa, mume wangu."

Kuanzia hapo nyumba nzima ikawa ya waongo. Kila mgeni tulimwonya mlangoni asitaje bata. Jirani mmoja alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akasingizia kikohozi mpaka Baba akaagiza apewe maji.

Baba akapasuliwa. Kesho yake bandeji ilipotolewa alisema anaona ukungu uleule. Daktari akatuambia tumtie dawa na tuvute subira. Tukarudi naye, tukamketisha nyuma ya pazia, na siku zile hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Mama alikuwa anamtilia dawa, kisha anakwenda jikoni kusimama tu.

Alhamisi asubuhi Mama anamimina chai, mimi nafagia. Baba amevua miwani yake myeusi, ametulia kitini. Mara akasema, "Mama watoto, hawa bata wamefuata nini humu ndani?"

Chai ikafurika mezani. Na unajua Mama alisema nini? Kwa mazoea tu akajibu, "Bata gani?"

"Hao hapo, wenye kofia. Na hao wa upande wa kulia mmewashona miguu juu."

Nikageuka kutazama. Kweli, shangazi, kipande cha kulia nilikuwa nimekishona juu chini, na sisi wote wenye macho mazima hatukuona! Sijawahi kufurahia kukamatwa kama siku ile. Nilitupa ufagio nikapiga kigelegele.

Mama hakupiga kigelegele. Alikaa chini, akalia, akasema, "Nisamehe. Niliwageuzia huku kwa sababu nilijua hutaona tena." Hapo nikaelewa alichokuwa anakibeba jikoni. Baba alimwita karibu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na wewe umezeeka bila kuniaga." Mama akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikaenda nje kulia vizuri.

Bata hawaondoki. Baba amekataza tusiwageuze, ila kipande cha kulia ameamuru kifumuliwe, nacho nimekishona upya chini ya ulinzi wake.

Mkweo anakusalimu, Mama anakusalimu sana. Wasalimie wanao wote, hasa yule binamu yangu mcheshi. Mungu akulinde na alilainishe hilo goti, uje ukae nasi nyuma ya pazia hili.

Mimi mwanao nikupendaye kwa moyo wote,
Msusi wako wa nywele.

Dada, barua hii nimeisoma yote, mwenyewe, hapa dirishani. Kofia za bata si nyekundu. Ni rangi ya chungwa.
Kaka yako, Mkaguzi.