Buji Ndani ya Mafuta ya Baruti

Lundi, tarehe 3

Mafuta ya kondoo iko juu ya mbabula tangu asubuhi. Makaa kidogo tu. Ikichemka sana inaungua, na mafuta yenye kuungua haifai kitu ndani ya bunduki. Nimechuja na kitambaa. Nitachuja tena. Chumvi hapana, hata chembe. Chumvi inakula chuma.

Hapa Bunia hakuna mwanamuke mwingine anajua kazi hii. Nasema kweli. Marehemu mume wangu, Baba Dido, njo alinifundisha, kisha nikamupita. Aliwaambia wawindaji wenzake kama risasi ikivaa kitambaa chenye mafuta ya bibi yake, inateremuka yenyewe mpaka kwa baruti, hauhitaji nguvu. Walikuwa wanatuma vikopo kutoka mbali. Hata watu wa kijiji cha Kilo walinijua.

Sasa bunduki iko ya mutoto wetu Dido. Bunduki ya zamani, ile ya kushindilia baruti na risasi kwa mudomo wake. Permi yake iko, karatasi ya ruhusa, ndani ya plastiki. Mutoto wangu ni mwanaume mupole, mwenye jicho. Hajapiga ovyo hata siku moja. Wazazi wa bibi yake Furaha wanalima muhogo ngambo ya Komanda, na nguruwe wa pori wanawamalizia shamba. Wamemuita aende. Wanaume wako wengi huko, lakini wameita wangu.

Anaondoka mercredi. Shida ni moja. Nta ya nyuki imekwisha. Muzee Ngabu, mwenye kutuletea asali na nta, hajapita tangu barabara iharibike na vita.

Mardi, tarehe 4

Nimezunguka soko lote. Asali ya chupa iko. Nta hakuna. Nyumbani nimepata kipande kama kidole gumba. Haitoshi. Bila nta mafuta inakuwa maji ikipata jua, inatoka kwa kitambaa, inalowesha baruti.

Nimetia buji. Ile mishumaa nyeupe ya duka, ya kuwasha umeme ukipotea. Niliwaza: inayeyuka kama nta, inaganda kama nta. Nikatoa nyuzi, nikakoroga. Haijawahi kuganda vizuri hivi. Nyeupe, laini, haina harufu. Nikajaza kikopo cha dawa ya viatu.

Dido alifungua akapitisha kidole.

"Mama, hii umenunua kwa farmasi?"

Nilicheka mpaka jirani yangu Mama Neema akatokea kwa ua wa lupango. Nikamuonyesha yeye pia. Akasema mikono yangu ina baraka. Juu ya buji sikusema. Hakuna aliyeuliza.

Mercredi, tarehe 5

Ameondoka na pikipiki kabla ya jua. Bunduki imefungwa ndani ya mukeka, karatasi kifuani, kikopo changu mufukoni. Furaha amebaki na mimi, juu ya tumbo. Mimba ya kwanza. Tumbo limekaa juu, zuri, kama langu la Dido.

Naogopa barabara. Naogopa barieri, askari wakiona bunduki hata yenye permi. Naogopa wale waasi wa porini zaidi.

Amepiga telefone kutoka Komanda. Amefika muzima. Mbele ya hapo hakuna rezo.

Nimekula vizuri. Namushukuru Mungu.

Jeudi, tarehe 6

Muzee Ngabu amekuja. Na nta. Sasa njo amekuja. Kipande kikubwa cha manjano ndani ya majani.

Nikamwambia amechelewa, nimeshafanya mafuta mazuri kuliko zote za maisha yangu. Nikamuletea sufuria aone ile iliyobaki pembeni. Muzee huyu amewinda na marehemu wangu miaka mingi. Nilitaka anisifu. Alikwangua na ukucha, akanusa, akasugua.

"Mama Dido, weye umetia nini humu?"

"Buji."

Akacheka. "Basi mutoto asipopata nyama, atapata taa ya kurudia." Akacheka tena peke yake. Kisha akaniuliza kama Dido ameenda nayo. Nikasema ndiyo. Akaacha kucheka.

Aliniambia hivi. Buji haitoki kwa nyuki, inatoka kwa petroli. Baruti yetu nyeusi ikiungua pamoja na kitu cha petroli, moshi wake unashika ndani ya bunduki kama gudroni, ile lami ya barabara. Nta na mafuta ya nyama inalainisha ule uchafu. Buji inaukausha. Mutu anapiga mara ya kwanza, ya pili, kila mara risasi inazidi kukataa kuteremuka. Mwisho inasimama katikati. Haijafika kwa baruti. Mwenye haraka anaona imefika, anapiga. Bunduki inapasuka mbele ya uso wake.

Alimuona mutu hivyo, zamani, upande wa Fataki. Sikutaka asimulie. Alisimulia kidogo. Mukono.

Mukono wa kushoto wa Dido njo unashika bunduki pale katikati.

Nimepiga telefone mpaka chaji imekwisha. Haipiti. Furaha sijamwambia.

Vendredi, tarehe 7

Sikulala. Asubuhi nilienda kwa parking ya pikipiki. Bahati, motari mwenye kubeba watu na pikipiki barabara ya Komanda, alikuwa anafunga mizigo. Na wenzake wako pale, wote wananijua, juu mimi mwenyewe niliwaambia mardi kama mafuta yangu inapita ya farmasi.

Mudomo ukanishinda. Nikamwambia Bahati: fika mpaka kwa wakwe zake, mwambie Dido arudi mbio, bibi yake mugonjwa. Akasema sawa, Mama. Akawasha, akaenda.

Nikarudi nimetulia. Akirudi mbio, hatapiga. Na hakuna mutu atajua.

Lakini mchana Mama Neema akaja na uji kwa kikombe, kumuangalia mugonjwa. Motari walishamwambia. Furaha alikuwa anafua nguo.

"Mama, mimi ninaugua nini?"

Nikamwambia yote. Sufuria, buji, Muzee Ngabu. Hakunitukana. Alikaa chini juu ya nguo zenye maji. Kisha akasema kitu chenye sikuwaza mimi na akili yangu yote. Dido akisikia bibi yake mugonjwa na tumbo hili, hatangoja asubuhi. Jioni hakuna pikipiki. Atatembea na miguu, na giza, na bunduki mabegani, kwenye ile barabara.

Kweli. Ningemujua mutoto wangu hivyo kama nisingekuwa nawaza jina langu.

Kwanza nimemupa bunduki ya kupasuka. Sasa nimemuita barabarani. Mimi, mama yake.

Naogopa. Sina neno lingine. Furaha analia kule ndani na mimi sina mukono wa kumushika.

Samedi, tarehe 8

Bahati alikuwa pale pale kwa parking. Nilidhani naona roho.

Jana askari waliwarudisha wote kwenye barieri. Hakufika. Ujumbe wangu haukufika. Nilimushika shati. Leo barieri imefunguliwa, akasema, anaenda sasa hivi, atamwambia Dido habari ya mugonjwa.

Nikasema hapana mugonjwa. Nikasema kwa sauti, ile ya kusalia, wote wasikie, juu nikianza polepole ningebadilisha tena.

"Mwambie Dido mafuta yangu iko mubaya. Nimetia buji. Asipige. Risasi ikisimama katikati asiipige na jiwe, asipige bunduki, aiweke chini mbali na moto. Bibi yake muzima. Asitembee na giza."

Wakaacha kufunga mizigo. Kisha mumoja wao, kijana wa kofia nyekundu:

"Si weye njo ulisema hakuna mwingine Bunia mzima?"

"Njo mimi."

"Mama Buji," akasema. Wakacheka wote. Hata mwanamuke wa maandazi alicheka.

Nikamurudishia Bahati maneno mara ingine, na yeye akanirudishia. Hakucheka yeye. Akaenda.

Nimeona haya, lakini haya ni kitu kidogo. Leo nimejua ni kidogo. Hofu iko palepale, haijapungua. Jeudi mpaka leo mutoto alikuwa na ile bunduki, na nguruwe, na wakwe wanamuangalia. Labda ninatuma maneno kwa mutu mwenye hawezi tena kuyasikia.

Dimanche, tarehe 9

Kanisa. Mimi njo ninaanzishaka nyimbo za kina mama. Leo nilifungua kinywa hakuna kitu kikatoka. Furaha akaanzisha. Sauti yake ndogo, lakini walifuata.

Bahati hajarudi.

Kila mulango ukipigwa na upepo, nashituka. Mutoto wa jirani alikanyaga chupa ya plastiki, ikalia, nikaangusha sufuria. Mama Neema ameleta mboga. Hakutaja farmasi. Ningependa ataje.

Furaha ananipikia. Anakula kwa ajili ya mimba. Mimi nafanya kama nakula.

Lundi, tarehe 10

Amerudi.

Niliona Bahati kwanza, halafu mukeka, halafu kofia yake. Nikamushika mikono nikaifungua kama ya mutoto muchanga. Vidole vyote. Akasema, "Mama, watu wanaangalia." Waangalie.

Alipiga jeudi, nguruwe mumoja. Vendredi mwingine. Alijiuliza juu ya nini fimbo ya kushindilia imeanza kukataa. Akadhani ni kitambaa kinene. Samedi nguruwe dume aliingia shambani mchana, mbele ya wakwe wote. Risasi ikasimama katikati. Baba mukwe akasema, "Piga tu mukwe, itatoka." Dido alikuwa ameokota jiwe, anagonga fimbo, dume liko pale linachimba. Ndipo Bahati akatokea kwenye njia ya muhogo anapayuka: mama yako amesema usipige, ametia buji.

Akaacha jiwe. Dume likaenda zake. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini.

Alinisimulia taratibu, akinywa maji. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mbona haukuniambia mardi?"

"Ulisema farmasi," nikamujibu. "Nilifurahi."

Aliweka kikombe chini. Alienda kukaa karibu na Furaha. Sikumufuata.

Jeudi, tarehe 13

Muzee Ngabu alikuja na kifaa chake cha kuvuta. Kwanza alimwaga maji ndani, baruti ikalowa kabisa. Kisha akavuta risasi. Ilitoka na uchafu mweusi, mgumu, kama makaa. Maji ya moto mara nyingi mpaka kitambaa kikatoka safi. Chuma kimepona, anasema. Akaniuliza kama nimebaki na taa ingine ya kumuuzia. Nikamupa chai.

Tumefanya mafuta mapya, mimi na Furaha. Kondoo na nta ya nyuki, basi. Yeye alikoroga, mimi nilikaa kwenye kiti kidogo. Nilimuonyesha namna ya kupima kwa kudondosha juu ya kisahani. Nikamuonyesha buji pia, nikamwambia inafanya nini. Ana mukono muzuri. Nimesema kwa Mama Neema kama hapa Bunia sasa tuko wawili.

Mafuta iko ya manjano, haina urembo. Inanuka asali. Dido alisugua kidogo kati ya vidole, akanusa, akafunga kikopo, akakiweka mufukoni. Hakusifu. Lakini alikiweka mufukoni.

Umeme umepotea tangu jioni. Naandika na buji. Kwa kazi hii iko muzuri.