Taa Nyekundu ya Alfajiri

Jumatatu, 8 Julai
Sijaandika tangu Ramadhani. Niwie radhi. Ulikuwa uvivu, si maradhi. Mgonjwa ni mke wangu, Asha.

Leo, kama kawaida, nimemfungia madirisha jioni. Alfajiri humfungulia apate hewa safi. Pumu imezidi. Namlaumu jirani, Bi Somoe, anayechoma mabua ya ufuta kila jioni. Nimekwisha kumshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Kikao ni Ijumaa.

Watafiti wanaopima hewa kijijini wamefunga kipima hewa dirishani kwetu. Kijisanduku chenye taa: kijani ni hewa safi; nyekundu ni chafu. Sasa nina ushahidi.

Jumanne, 9 Julai
Jioni, nyekundu. Mabua yanawaka. Nimeridhika.

Jumatano, 10 Julai
Ajabu. Nimetoka kuswali alfajiri, taa nyekundu. Hakuna moto popote. Nikadhani kimeharibika. Nimekipeleka kisimani: kijani. Nimekirudisha dirishani: nyekundu. Sielewi, na sipendi kutoelewa.

Alhamisi, 11 Julai
Nimekaa dirishani kabla ya kupambazuka. Kijani. Kisha mashine ya kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ikanguruma mikoroshoni. Mikorosho yangu, kibarua wangu. Hupuliza saa hiyo, umande ungali majanini, ili unga ushike. Taa ikageuka. Asha akaanza kukohoa. Dirisha nililifungua mimi.

Nimemwambia kibarua asimamishe kazi.

Ijumaa, 12 Julai
Kikaoni nimeondoa shtaka na kueleza sababu. Aibu kubwa. Bi Somoe alinisogelea.

“Shikamoo, Mwalimu. Kumbe moshi wangu msindikizaji tu, bwana harusi ni salfa yako.”

“Marahaba,” nikaitika.

Watu walicheka. Nami kidogo. Hata hivyo, moshi wake nao ni mbaya. Amekubali kuchomea mbali, bondeni.

Jumapili, 14 Julai
Asha ameamka bila kukohoa. Amekunywa uji wote.

Mikorosho iliyo karibu na nyumba ndiyo inayozaa kuliko yote. Isipopulizwa, ugonjwa wa ubwiriunga utaua maua, na mwaka mzima tunautegemea msimu huu. Asha asema nipulize. Yeye atakwenda Mchinga kwa dada yake mpaka maua yapite. Anasema kwa wepesi, kama anayekwenda sokoni. Mimi sitaki alale kwingine. Wala sitaki tushinde njaa.

Sijui. Nitaishika kalamu tena nikishajua kama mashine inarudi au hairudi.

Dirisha li wazi. Asha anachambua mchele.