Betri ya Kuwashia

Zahanati ya kijiji,
Kando ya Ziwa Tanganyika,
Kigoma.

Kwako Baba,

Shikamoo. Na mbukwenyi pia, maana ni muda sasa sijapata wa kumsalimu kwa Kigogo. Huku asubuhi ni "mwakeye", nami nimejifunza kuitikia na kupiga makofi kidogo kama wenyewe, lakini salamu niliyojifunza ukubwani bado hainiingii moyoni. Magoti yanasemaje? Bado unabishana na daktari kuhusu chumvi? Mimi mwili ni mzima, ila upweke umenizidi, sikufichi.

Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yalipogoma, maneno yetu yote yanapitia kwa shemeji Elia, na yeye ukimpa maneno ishirini anafikisha matatu. Kwa hiyo sijui alikuambia nini siku ile uliponisubiri stesheni ya Manyoni nisishuke. Najua tu alichoniambia mimi: kwamba ulivaa koti la kanisani, ukakagua mabehewa yote mpaka treni ikaondoka, na njiani kurudi ukasema, "Mwambie siji tena hapa." Neno hilo nalala nalo na kuamka nalo. Nakuandikia uyajue mambo kama yalivyokuwa, kisha utaamua mwenyewe kama bado una hasira na mimi.

Chanzo ni betri. Usicheke.

Kijiji hiki hakina barabara. Nyuma ni milima, mbele ni ziwa. Zahanati ina boti ndogo ya kupeleka wagonjwa mjini. Nahodha wake ni Mzee Bilali wa Ujiji, mtu mpole anayeongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Betri ya zamani ilipokufa, Mzee Bilali alikuwa kwao msibani, basi kamati ya zahanati ikamwagiza Mama Zabroni, mjumbe mwenzetu anayeuza dagaa mjini, atuletee betri ya kuwashia. Naye akafika dukani akasema hivyo hivyo: betri ya kuwashia, ya boti. Sasa huku, Baba, ukitaja kuwasha na ukataja boti, mtu anafikiria taa. Wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani kuvutia samaki, na betri zao ndizo zinazotoka kila siku. Sisi tulimaanisha injini, muuzaji akasikia taa. Akampa betri kubwa, nzito, nzuri kabisa kwa kazi yake.

Mzee Bilali aliporudi aliitazama akatikisa kichwa. Lakini injini iliwaka, na kamati ikasema betri ni betri. Tena kwa ukubwa ule kila mtu akaona kuna ziada. Sola yetu ilikuwa imeharibika, basi betri ikatolewa kwenye boti kila jioni ikawashia taa ya wodi ya wazazi, ikachaji simu za nusu kijiji, na siku za mpira ikabeba redio. Nilikumbuka lori lako, ulivyotukataza kusikiliza redio likiwa limeegeshwa, tusimalize moto wa betri. Nikasema kikaoni. Mwenyekiti akanijibu, "Sista, usiwe na choyo," watu wakacheka, nikaliacha. Mgeni akilirudia jambo anaonekana anajidai.

Siku ya safari yangu ya likizo nilikuwa nimeshafunga begi, na ndani yake kulikuwa na migebuka mikavu yako, samaki wa huku, na mawese ya shangazi. Boti ya abiria hupita alfajiri kwenda Kibirizi, bandari ya mjini. Kabla haijafika akaja mama mwenye uchungu wa mapacha, na muuguzi mwenzangu, ambaye hajawahi kuzalisha mapacha, akaniomba nisimwache peke yake. Nikabaki. Watoto walizaliwa salama, wote wa kike, na boti ya abiria ilikuwa imeshapita. Sikuhangaika, maana treni ni ya jioni na boti yetu ilikuwepo.

Tukashuka ufukweni. Mzee Bilali akabonyeza swichi, injini ikakohoa kidogo ikanyamaza. Akabonyeza tena, hata kukohoa haikukohoa. Akavuta kwa kamba mpaka kamba ikamkatikia mkononi. Nilikaa juu ya begi langu mchangani nikalia mbele ya watu, mimi ninayewaambia wazazi wajikaze. Mama Zabroni akaja akakaa pembeni yangu. Akaniambia taratibu, "Ingekuwa ni yule mama ndiye tunampeleka, leo tungezika."

Mtandao nao ulikuwa umekatika tangu jana yake. Uliporudi kesho yake, nilimpigia shemeji, akaniambia umeshatangulia stesheni, naye ndiyo kwanza anakufuata. Na kabla ya treni nyingine mwenzangu akashikwa na malaria, likizo yangu ikasogezwa mbele.

Kamati safari hii ilinituma mimi na Mzee Bilali. Tulishuka Kibirizi, tukapanda bodaboda mpaka duka moja la Gungu. Muuzaji akauliza ya kuwashia nini. Nikasema injini.

"Basi dada, sema ya kustatia," akasema. "La sivyo nitakuuzia ya taa."

Akatueleza kuwa ya taa hutoa moto kidogo kidogo usiku kucha, na ya kustatia hutoa mwingi kwa mkupuo mmoja, kisha injini yenyewe inaujazia. Akatuwekea ya gari. Nguvu ilitosha, lakini Mzee Bilali akaikataa: ina vifuniko vya kuongezea maji, na mawimbi yetu yangeimwaga. Tukachukua ya boti, iliyofungwa kabisa, yenye skrubu za kukazia nyaya zisicheze. Nikalinganisha namba ya nguvu yake na iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, ikapita. Nikaigeuza kutafuta imetengenezwa lini, kama ulivyokuwa ukifanya kwa matairi. Muuzaji akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni Baba.

Sasa betri hiyo ina sanduku lenye kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa Mzee Bilali. Mtu akija na chaja yake, Mama Zabroni ndiye anayemfukuza. Ile ya taa imebaki wodini inawasha taa, kazi yake hasa. Injini inaitika mara moja. Ila kila ikiwaka kumpeleka mtu mwingine mjini, nasimama mlangoni kwangu mpaka sauti ipotee, kisha narudi ndani nisijue nianze na nini.

Nisalimie shangazi, dada yako anayekuvumilia na chumvi yako. Mwambie mawese bado ninayo. Msalimie mdogo wangu Tabu, na mumewe Elia, umwambie safari hii asipunguze maneno. Na fundi cherehani jirani yetu, aliyekuazima mwavuli siku ile.

Likizo yangu sasa ni mwezi ujao. Ulisema huji tena stesheni, nami sitakuomba uje. Baki nyumbani, koti libaki msumarini. Nitashuka, nitabeba begi langu mwenyewe, na kwa kuwa hodi yangu hutaisikia, nitawasha tochi dirishani kwako mara tatu, kama tunavyofanya wote wa nyumbani. Ukiona mwanga, fungua mlango, Baba, hata kama bado umenikasirikia.

Mwanao,
Nyemo