Adui mwenye kuvaa uniforme

Yaya wangu Masika,

Huku Bungulu, mu Beni, jua inachoma mpaka natamani baridi yetu ya Kipese. Lakini nakula vizuri: jana fufu na samaki ya chumvi, makayabu, leo majani ya muhogo, sombe ya mawese.

Asubuhi, mu centre de santé, infirmière, muuguzi wetu, alitufundisha sisi wenye kumeza dawa za SIDA. Alisema hepatite C haikae mu maini tu. Kwa batu kama sisi inaweza kuingia hata mu chembe zenye kulinda mwili, ikajificha mule. Ndipo mama Kavugho, muuza samaki wa hapa, akasimama:

«Donc adui anavaa uniforme ya baaskari betu? Madame, ile sisi ba Beni, wenye kuona waasi banavaa vile, hakuna wa kutufundisha!»

Yaya, tulicheka mpaka machozi. Kisha akasema, mulango wazi, batu banapita mu barabara: «Mimi niko na zote mbili, SIDA na hepatite. Nitameza dawa za hepatite mpaka ziishe, na soko yote inajua.» Sijaona mutu wa moyo kama ule! Infirmière mwenyewe alimupigia makofi.

Mimi nangojea résultat ya kipimo yangu ya hepatite kesho. Roho yangu imetulia.

Unibusie batoto, na viazi vipya munibakizie. Hii carte napatia motard mwenye kupanda kwetu na pikipiki. Haina enveloppe. Atasoma, na bibi yake atasoma, na kwaya yote ya kanisa itajua mbele yako. Uliniambiaga tufiche SIDA yangu, Yaya. Acha basome.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Kavira