Redio ya Mama Bado Iko kwenye Tatu

Nalufenya, Jinja
16 Machi 1996

Kwa mdogo wangu Ukasha,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, na wewe natumaini ni hivyo hivyo, pamoja na mkeo Juwairiya na watoto. Salamu zimeishia hapo.

Jumanne tarehe 12 mwezi huu, saa kumi na moja jioni, mama yetu alizikwa Mbale bila mimi. Nilikuwa hapa Nalufenya, hatua nne kutoka kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana. Nilinunua mbili kwa jasho langu, yangu na ya mama, ili siku hiyo isinipite. Redio ilikuwa inawaka. Betri ilikuwa imejaa. Tangu Jumamosi nilikaa mbele yake saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kama tulivyofanya miaka minne yote, na haikusema neno. Habari nilipewa Jumatano na Matia, dereva wa teksi ya Mbale. Alinipa pole akidhani najua.

Nilipofika nyumbani kwa mama, Malukhu, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu. Shangazi Ramula hakunipa mkono. Alisema mbele ya wanawake wote, "Huyu ndiye aliyeitwa na mama yake akanyamaza. Mtu akishapata malori mawili, masikio yanaziba." Wewe ulikuwa mlangoni na birika la chai. Ulisikia. Ukaendelea kumimina.

Sasa nakuuliza kama fundi, siyo kama ndugu. Ijumaa tarehe 8 ulikuja kwangu, ukafungua redio, ukatoa chipu ya zamani ukatia nyingine. Ulisema ni programu mpya, wale madereva wanaoingilia maongezi yetu kila jioni hatutawasikia tena. Ulisema kesho yake utatia chipu kama hiyo kwenye redio ya mama, na ikinyamaza mpaka Jumatano nisihangaike, ni wewe uko kazini. Ulisema nisiguse kile kidude cha chaneli, nikikizungusha programu itavurugika. Nikatii. Mimi, ambaye hata askari wa barabarani simtii bila kumuuliza mara mbili.

Ulifanya nini humo ndani?

Dada yako,
Hajara

*

Malukhu, Mbale
22 Machi 1996

Kwa Dada Hajara,

Wa alaykum salaam. Sisi tupo, ila mtoto mdogo ana mafua. Barua yako Matia ameileta. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Unauliza kama fundi? Basi fundi anajibu. Redio yako niliiacha nzima. Jumanne alfajiri mama alianza kubanwa kifua. Saa kumi na mbili nikaanza kuita: "Jinja, Jinja, hapa Mbale, ova." Nimeita mpaka saa nane mchana, roho yake ilipotoka. Watu kumi na mmoja walikuwa chumbani, waulize. Mama mwenyewe aliomba maiki. Nikamshikia. Akasema, "Hajara, mwanangu, niko hapa." Akasubiri. Akasema tena. Halafu akasema, "Mwacheni, ana kazi nyingi." Hilo ndilo neno lake la mwisho juu yako, Dada. Ulikuwa unalitafuta, umelipata.

Kaburi nimechimba mimi na jirani Zubairi. Wewe umekuja kesho yake na gunia la sukari na maswali. Baba alipokufa, nani alibaki na mama? Nani alikuwa anapanda juu ya bati kufunga waya wa antena kila upepo ukiuangusha? Wewe hesabu zako zote ni za magurudumu. Kama ulilala ukasahau kuwasha, sema ulilala. Usinitwishe mimi usingizi wako.

Ndugu yako mdogo,
Ukasha

*

Nalufenya, Jinja
30 Machi 1996

Ukasha,

Assalaam alaykum. Mafua ya mtoto, mpeni maji ya moto na ndimu, na kifua mkifunike. Yeye hana kosa.

Yale maneno ya mama nimekaa nayo siku tano. Siku ya sita nikaibeba redio mpaka Bugembe kwa Wanzala, yule mwenye kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya steji ya teksi. Akaifungua, akaangalia, akacheka kidogo. "Mama, aliyefanya kazi hii anaijua kazi. Hapa hapana ubovu. Ni chaneli zimehamishwa."

Akanieleza kama unavyomweleza mtu aliyekwenda shule miaka minne tu, na nimeelewa. Kila namba kwenye redio ina masafa yake. Chipu ndiyo inayosema namba ipi ishike masafa yapi. Chipu ya zamani ilikuwa na tatu yetu kwenye 5,840. Chipu yako imeiweka tatu kwenye 6,790, mahali patupu, hakuna dereva, hakuna mtu. Ile 5,840 imehamia namba tano. Kama mama angetiwa chipu hiyo hiyo, tungekutana huko kwenye utulivu wako, na ningekusifu. Asipotiwa, yeye anaita hapa, mimi nasikiliza pale.

"Twende tano tuone," Wanzala akasema. Akazungusha. Tik. Tik. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni kasoro kidogo. Nikasikia sauti yako, Ukasha, kutoka kwenye kiti cha mama, unamuuliza mtu wa Soroti bei ya betri. Safi kabisa. Nilisikia hata kuku wa mama.

Tik mbili. Mama yangu alikuwa tik mbili kutoka kwangu.

Sisi ni watoto wa Sebit, mtu wa redio jeshini. Ndani ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kusoma namba ya chaneli. Mama hakujua kusoma, baba akamfundisha kwa sikio, kwenye redio yake ya zamani: zungusha kushoto mpaka ikatae, halafu tik tatu kulia. Na sisi tukakua hivyo hivyo, hata gizani. Ulijua kwamba mimi nitakaa kwenye tatu mpaka nioze, kwa sababu ni wewe uliyeniambia nikae.

Redio ya mama hukuitia chipu. Kwa nini?

Dada yako,
Hajara

*

Malukhu, Mbale
8 Aprili 1996

Dada yangu Hajara,

Assalaam alaykum. Mtoto amepona, ndimu zimesaidia. Asante.

Nitasema. Jumamosi nilifika na chipu mkononi. Mama akaweka kiganja juu ya redio. "Tatu hii ni ya baba yenu. Mtaifungua nikifa." Jumapili nikambembeleza. Nikamwambia, mama, utahesabu tatu zako zile zile, kinachobadilika ni ndani tu. Akajibu, "Hata mchawi hubadilisha ndani tu." Jumatatu alinifukuza na mwiko wa ugali, waulize majirani, walicheka.

Nami nilikuwa nimejigamba kwako, Dada. Mara hii moja nilitaka useme kwamba kuna kitu Ukasha amekifanya kikakamilika. Nikapanga Jumatano nije Jinja nikurudishie chipu ya zamani kimyakimya, yaishe. Jumanne ikatangulia.

Mama harudi. Arobaini ni Jumamosi tarehe 20. Njoo ukae na wenzako. Shangazi Ramula nitamwambia redio zilipata hitilafu, labda mvua, labda antena. Hayo mengine tuyamalize sisi wawili.

Mdogo wako,
Ukasha

*

Nalufenya, Jinja
15 Aprili 1996

Ukasha,

Wa alaykum salaam. Nashukuru mtoto amepona.

Mvua? Jumanne ile haikunyesha, si Jinja si Mbale. Malori yangu yote mawili yalikuwa barabarani, ningejua.

Kwamba mama alikataa, naamini. Huyo ni mama kabisa, na mwiko wake. Kwamba uliona aibu kuniambia, naamini pia, ningekusamehe kabla chai haijapoa. Lakini barua yako imeruka Jumanne. Umesimulia Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, halafu ukaniambia "ikatangulia". Ngoja nikuhesabie hiyo Jumanne, kwa kuwa umesema hesabu ndiyo kazi yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi mama anabanwa kifua, unaanza kuita. Saa moja teksi ya Matia inatoka Mbale, kama kila siku, na steji ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwa mama. Barua zako zote ni yeye anazileta, kwa hiyo usiniambie umemsahau. Angefika kwangu saa nne. Ningegeuza naye, ningekuwa Malukhu saa saba. Mama amekufa saa nane.

Saa moja, Ukasha. Hiyo saa moja ndiyo niliyoipoteza. Kiganja chake kwenye kiganja changu kwa saa nzima.

Wewe ukabaki kwenye kiti unaita "Jinja, Jinja", mbele ya watu kumi na mmoja, saa nane mfululizo, kwa chaneli uliyoihamisha kwenye redio yangu kwa mikono yako siku nne tu kabla. Na mama alipoomba maiki, ukamshikia. Ukamwacha aseme. Ukamwacha asubiri. Akafa akidhani nina kazi nyingi.

Labda ulipagawa. Mtu mama yake akifa mbele yake anaweza kusahau hata jina lake. Kama ulisahau, nitalia na wewe na tutazeeka pamoja. Lakini kama ulikumbuka, ukaona ni heri mimi nionekane kiziwi kuliko wewe uonekane mjinga, hilo ni jambo lingine. Sitaki unijibu kwa barua. Barua unaisoma mara mbili kabla ya kuandika.

Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, kabla ya kisomo, mweke Shangazi Ramula karibu na kiti cha mama, na wale kumi na mmoja waite pia. Redio ya mama bado iko kwenye tatu, usiiguse. Yangu itakuwa kwenye tano. Nitakuita mara moja na nitauliza kitu kimoja. Utajibu ndiyo au hapana, kwa sauti yako, wote wakisikia. Ukishajibu, vyovyote vile, napanda teksi ya saa tatu, nakuja kumsomea mama yangu.

Saa mbili na nusu nazima. Ukinyamaza, nyumba hiyo imeshanifundisha jinsi ya kumhesabu mtu aliyeitwa akanyamaza.

Swali ni hili, ulichukue mapema usije ukasema hukusikia vizuri: ulipomshikia mama maiki, ulijua kwamba simsikii?

Ova.

Dada yako,
Hajara